Machela Juu ya Pikapu

Kalunde mwanangu,

Barua za watu huanza kwa "sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu huko." Yangu itaanzaje hivyo, na huko kwenu ni chumbani, huku kwetu ni uani, na kati yetu pana ukuta mmoja tu wa udongo? Nakusikia ukikohoa. Sasa hivi nimekusikia ukimwambia mama yako akusogezee mto. Nimeushusha mlango wa nyuma wa pikapu ya Mzee Kondo nikaufanya meza, nyundo huku, karatasi huku, na jua bado lipo. Mama yako atakuletea barua hii kabla ya giza uisome mwenyewe, kwa sababu kesho alfajiri unaondoka na hapatakuwa na nafasi ya maneno.

Naandika kwa kuwa nikiingia humo ndani unageuza uso ukutani. Sikulaumu. Mambo ya sabuni, khanga na uji wa njiani mama yako ameyamaliza, na akishayamaliza yeye hapabaki kitu cha mwanamume kuongeza. Mimi ninayo mengine, na nikiyaacha yatanikaba.

Daktari wa hapa Tabora alisema mbele yetu wote, nawe ulisikia. Ugonjwa umeula mfupa wa mgongo, na ndani ya mfupa huo ndimo inamopita njia ya miguu. Huko hospitali ya misheni, ng'ambo ya Nzega, watakulaza ndani ya plasta muda mrefu na kukupiga sindano mpaka mfupa ushikane. Wanaweza. Tatizo ni kufika. Alisema, "Msichana huyu asitikiswe. Mtikisiko mmoja mbaya, na miguu haitarudi." Vidole unavichezesha bado. Jana nilichungulia mlangoni nikaona shuka linatikisika upande wa miguu, nikarudi uani nikashindwa hata kushika msumeno. Basi shida yangu yote duniani sasa ni hiyo, ufike huko vidole vikiwa vinacheza. Na barabara ya Nzega naijua ilivyo.

Kisha kuna lile ulilomwambia mama yako juzi, dirisha likiwa wazi na mimi chini ya dirisha nikichonga nguzo. Ulisema, "Baba asije." Mama yako akasema, "Kalunde, huyo ni baba yako." Ukasema, "Najua. Asije." Hukupaza hata sauti. Hasira zangu unazijua. Nilirusha patasi ikagonga banda la kuku, kuku wakatawanyika uwanja mzima, na Mzee Kondo aliyekuwa amelala chini ya gari akatoa kichwa akauliza kama nimeumwa na nge. Nikamwambia ndiyo. Usidhani hasira zile zilikuwa juu yako. Zilikuwa za mtu mzima aliyeambiwa ukweli mchana kweupe asiwe na pa kujificha.

Kwa hiyo siji. Mama yako atakaa nyuma pamoja nawe, Mzee Kondo atashika usukani, mimi nitabaki na wadogo zako. Nimekubali. Barua hii siiandiki ili ubadilishe neno lako, maana ulilisema ukiwa na haki nalo.

Uliporudi likizo kutoka shuleni, ulishuka ukiwa umeshika kiuno. Nilikutania, nikakuuliza wajukuu hawajambo, bibi? Ulicheka kidogo, halafu ukasema, "Baba, mgongo unaniuma." Ulisema mara moja tu. Nami, fundi wa kuwamba vitanda, mtoto wa mpagazi na mjukuu wa mpagazi, nikajiona ndimi mjuzi wa migongo katika mtaa mzima wa Gongoni. Nikakwambia mgongo wa kwetu haulazwi, mgongo wa kwetu hunyooshwa kwa mzigo.

Hilo sikulitunga. Ndivyo babu yako alivyotufanyia sisi. Kijana akilalamika mgongo, alifungiwa jiwe ndani ya kitambaa cha marekani, akalibeba begani asubuhi kwenda kisimani na kurudi, na baada ya siku chache jiwe likaongezewa mwenzake, mpaka mgongo ukome kusema. Kwa vijana waliokuwa na migongo mizima dawa hiyo ilifaa, ndiyo maana tukaiamini. Aliyekuwa na mgongo mgonjwa hakusimuliwa.

Wewe sikukupa jiwe. Nilijiona muungwana, nikakupa debe la maji. Kila asubuhi bombani na kurudi, debe limejaa, na mimi nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni nikikutazama unavyokwenda. Ukaanza kutembea umenyooka. Nikamwita mama yako atoke jikoni aje aone. "Tazama," nikamwambia, "si nilisema?" Kumbe ulikuwa umenyooka kwa sababu ungepinda kidogo tu ungepiga kelele. Mama yako aliniambia unalia usiku. Nikamjibu kwamba msichana akifikia umri wako hulia, ndio ukubwa huo. Mungu anisamehe, nilisema hivyo huku nikitafuna muhogo.

Ikaja asubuhi ile debe lilipoanguka. Nilitoka nikigomba, nikakukuta umekaa katikati ya maji yale, umeweka mikono juu ya magoti unayatazama. Ukasema, "Miguu imelala." Nilikubeba mwenyewe mpaka hospitali, na njiani nilisema sana, nikimpigia kelele kila aliyekuwa mbele yetu apishe.

Daktari aliuliza kama umebeba vitu vizito siku za karibuni. Mimi mwenye mdomo usiofungwa nikatazama sakafu. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema, "Kidogo." Kalunde, neno hilo ndilo linaloniua. Ungesema, "Huyu hapa ndiye aliyenibebesha," ningeona nimepigwa, na aliyepigwa huinuka siku moja. Ulinisitiri mbele ya mgeni huku unaumia. Tangu hapo hujasema nami tena, na naona hiyo ndiyo hesabu yake.

Sijitetei. Nataka tu ujue jambo hili lilitoka wapi, usije ukalibeba na wewe ukalipeleka huko Nzega.

Babu yako alikwenda pwani na kurudi akiwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Safari moja, wakirudi, walivuka pori la Mgunda Mkali kwa kiu na njaa mpaka wakafika Tura. Mtu yeyote wa msafara alipofika Tura alijua ameingia nyumbani. Hapo mwenzake, kijana waliyetoka naye kijiji kimoja, akaamka asubuhi akasema miguu inamuuma, hawezi. Mnyapara hakumgombeza. Alimtua mzigo, akaugawa kwa wengine, akamwekea kibuyu cha maji na mahindi ya kuchoma, na ngoma ikapigwa msafara ukaondoka. Babu yako aligeuka kumtazama mpaka njia ikapinda. Yule kijana alikuwa amekaa palepale, ameinua mkono. Msafara wake uliofuata ulipopita hapo, babu yako alitafuta, hakuona hata kibuyu.

Alipokuja kuoa na kuzaa, hilo ndilo alilotufundisha kabla hatujajua kuvaa nguo: anayesema anaumwa huachwa njiani. Nilichomwa na mwiba mguuni nikalia, akanichapa, si kwa mwiba, kwa kulia. Ilikuwa hofu, mwanangu, hofu ya Tura, lakini yeye alitupa sisi akiiita heshima. Nikaipokea, nikakupa wewe. Unakumbuka ulivyomwagikiwa na uji wa moto mkononi ukiwa mdogo, ukanyamaza? Nilikuzungusha mtaa mzima nikikusifu. Nilikuwa nakufundisha kunificha maumivu. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimelisema hilo mara nyingi, nikiwaambia majirani.

Sasa nikueleze hiki kilichofungwa juu ya gari, kwa maana kesho utakitazama safari nzima, na nisingependa ukiogope.

Daktari alipotaja barabara, nilikumbuka machela. Zamani mgonjwa mwenye bahati, au mkubwa, alibebwa ndani ya kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu, wapagazi wawili mbele na wawili nyuma. Nikasema pikapu ndiyo itakuwa wapagazi. Nitasimamisha kichanja juu ya bodi, nining'inize machela ndani yake, Kalunde alale hewani, barabara ijipige yenyewe huko chini. Nikaenda kwa Mzee Kondo usiku uleule. Alikuwa anakula. Alinisikiliza, akaosha mikono, akasema, "Gari chukua. Lakini ukitoboa bodi yangu hata tundu la sindano, Mnyamwezi wewe, nitakutoboa na wewe."

Unajua utani wetu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, tumetukanana tangu kabla hujazaliwa. Siku ya kwanza ya kazi alikaa hapo kwenye kinu akinitazama. "Wanyamwezi mlibeba mpaka mkasahau kutua," akasema. "Leo mnataka kulibebesha gari kitanda." Nikamjibu kwamba Wazaramo walikuwa wamekaa pwani wananenepa, wanasubiri tuwaletee. Nilifurahi kidogo. Nilidhani nimeshapata njia.

Pembeni mwa bodi waliounda gari wameacha matundu ya kusimamishia nguzo, basi sikuwa na haja ya kutoboa kitu. Nikachonga nguzo za mninga zikaingia kwa kubana, nikalaza miti juu, nikafunga viungo vyote kwa kamba iliyolowa, kama ninavyofanya kitanda, ili ikikauka ijikaze. Na ilijikaza. Jioni niliupanda ule mti wa juu nikarukaruka, haukusema kitu. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nilikishika kichanja kwa mkono mmoja kikayumba, jino la mtoto linalong'oka lina nafuu. Mimi ninayewaambia wateja kila mwaka wasilaze kitanda cha kamba nje masika, ndiye niliyetaka kumlaza mtoto wangu chini ya kamba mwezi huu, na mawingu yale pale yanaonekana. Nilifumua yote. Kila kiungo sasa kina bolti na nati, na mikanda ya chuma imezishika nguzo kwenye ukingo wa bodi. Mzee Kondo aliving'oa vyuma hivyo kwenye lori lake la zamani lililokufa.

Halafu tukalijaribu. Nilimwambia mama yako anipe bakuli, nikalijaza maji, nikalala ndani ya machela, nikaliweka bakuli tumboni. Nilisema, maji yakimwagika, ndio mgongo wa Kalunde huo. Mzee Kondo akaendesha mpaka njia ya reli na kurudi. Mwanangu, nilirudi nimelowa mpaka kifuani, na nilikuwa nimegonga nguzo kwa bega. Machela ilibembea kwenye kila shimo.

Nilikaa chini ya gari nikawaza mpaka nikamkumbuka babu yako. Wapagazi wa machela hawakukanyaga pamoja. Huyu akitua mguu, yule anainua, makusudi, ndiyo maana mgonjwa alikwenda ametulia. Gari halina adabu hiyo, magurudumu ya mbele huruka pamoja na ya nyuma huruka pamoja. Basi nikaifunga machela kwa kamba fupi kila pembe isibembee kabisa, tukaenda tena. Safari hii haikubembea. Kila shimo lilipanda moja kwa moja kupitia nguzo likaniingia mgongoni, mimi mwenye mgongo mzima, nikapiga yowe. Bakuli lilianguka likapasuka.

Tuliporudi Mzee Kondo alizima gari akakaa tu na usukani wake. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Aliniangalia akasema polepole, "Pole, ndugu yangu." Ndipo nilipoogopa kweli, Kalunde. Mtani akiacha kukutania, ujue ameona msiba. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya choo, nikalia nimejiziba mdomo kwa shati, maana na mimi sijajua bado kulia watu wakasikia. Nilitaka kuomba, nikashindwa kupata maneno ya kanisani. Nilisema tu, "Bwana, barabara. Bwana, barabara." Hata sasa sina ombi jingine.

Mama yako ndiye aliyetutoa hapo. Alikuja kuokota vipande vya bakuli lake, akasema gari hilo linapokwenda tupu linarukaruka kama mbuzi, lakini likirudi na asali kutoka porini huwa linakwenda limetulia, yeye amelipanda, anajua. Mzee Kondo akajipiga paji la uso. Wanaume wawili tumelitazama gari siku zote hizo. Tukapakia magunia ya mchanga juu ya springi za nyuma, na tukapunguza upepo kwenye matairi. Juu ya mchanga tukatandika magunia ya pumba za mpunga, manene, mpaka karibu yaguse machela kwa chini. Nami nikakata mpira wa ndani wa gurudumu, nikaufanya vitanzi, nikaning'iniza machela kwa mpira badala ya kamba, na zile kamba za pembeni nikazilegeza kidogo, zizuie kubembea bila kuvuta.

Leo asubuhi tulikwenda mpaka mbali, njia ileile ya Nzega, nikiwa nimeweka bakuli jingine tumboni. Maji yalicheza, yalilamba ukingo, hayakumwagika. Tulikwenda polepole, mtu wa baiskeli alitupita akatucheka. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Halafu pale palipo na daraja la magogo gari likadunda, maji yakanirukia usoni. Tukarudi tukapita tena polepole zaidi, yakaruka tena. Tulipita mpaka Mzee Kondo akakataa kurudi tena. Akasema, "Daraja ni la serikali, Mnyamwezi, hutaliwamba wewe."

Nakuambia hili kwa sababu sitaki kukudanganya. Nimefanya kila ninachokijua na kila walichokijua wengine, na mtikisiko haujaisha. Umebaki. Upo pale darajani, na bila shaka upo mbele zaidi ambako hatukufika. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikitafuta la kufanya, na mikono yangu imekwisha. Yaliyobaki hayako kwangu, yako kwako, na hilo ndilo linalonitia wazimu, kwa kuwa najua nilichokufundisha kufanya ukiumia.

Utaona uzi wa katani umefungwa kwenye mti wa kichanja, upande wa mkono wako wa kulia. Unapita kwenye dirisha la nyuma ya dereva mpaka mbele, na ncha yake itafungwa kwenye kifundo cha mkono wa Mzee Kondo. Ukiuvuta, anasimama. Tumejaribu, hata ukiuvuta kwa kidole anasikia. Ameapa hatauliza kwa nini umevuta, na hataondoka mpaka wewe mwenyewe useme twende. Mkifika kwenye daraja, vuta, asimame, wakushushe na machela yako, wakuvushe kwa miguu, wakupakie ng'ambo. Watu watapatikana, njia ile haikosi watu. Mkifika mahali pengine mgongo ukakwambia hapana, vuta. Ukiona umevuta mara nyingi mpaka unaona haya, vuta. Mkilala njiani, mlale. Hakuna msafara unaowahi kitu. Hapa hakuna mnyapara, na mzigo ni wewe peke yako, hakuna wa kukutua akakuacha.

Najua utakachofanya. Utauma meno. Utaona Mzee Kondo amechoka, utaona mama yako amekaa juu ya gunia amekunja miguu, utasema moyoni, nikivuta nitawachelewesha, ni kidogo tu. Neno lako lile. Naogopa neno hilo kuliko daraja. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, nimekuamrisha tu: huko uendako usiwe mtoto wangu katika hilo. Wauguzi wakikuuliza wapi panauma, waonyeshe. Wakikugeuza vibaya usiku, waite. Wakikuona mlalamishi, na wakuone. Kuna wasichana watakaolazwa karibu nawe walioletwa na baba zao waungwana, walie wote, nawe lia nao. Mimi nilikuwa nadhani mtoto asiyelia ni mtoto aliyelelewa vizuri. Sasa namsikia mdogo wako Shija akianguka hapo nje akilia kwa nguvu zake zote, nami nashukuru, nasema huyu bado sijamharibu.

Kama hutataka kuniandikia, usiandike. Mwambie mama yako aandike neno moja juu ya vidole, linatosha. Kama utataka kukaa huko mpaka uwe mwalimu wa watoto wa misheni, na kurudi Gongoni ukiwa na nywele nyeupe, sawa, ilimradi urudi unatembea au usirudi kabisa ukiwa unatembea huko. Nimekwisha kujizoeza kufikiri hivyo. Ni uongo, sijazoea, lakini nafanya bidii.

Mama yako amekuja mara mbili kuichukua barua. Anasema mwanga unaondoka. Basi la mwisho.

Kesho kabla ya jua tutakutoa kitandani juu ya ubao, kisha tukuhamishie kwenye machela. Tutakuwa Mzee Kondo na mama yako upande wa miguu, jirani atashika ubao katikati, na mimi upande wa kichwa, kwa kuwa ndimi mwenye nguvu zaidi na hatuna mwingine. Ulisema nisije. Hukusema nisikubebe, au kama ulisema sikusikia. Mikono yangu itapita chini ya mabega yako. Ni mikono mikavu ya kamba. Sitakusemesha. Uso wako ugeuze upande unaoutaka.

Lakini nikikushika vibaya usinisitiri. Sema mbele yao wote, "Baba, unaniumiza." Nitasimama palepale, nitakushika upya. Na hata nikikushika vizuri, mwanangu, nakusihi, niambie neno hilohilo, kwa ajili ya lile debe.

Baba yako, hapa nje ya dirisha.